Nilisema Nimekisoma Mara Mbili

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa nimeinua mkono.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya chuo, kipindi cha utangulizi wa fasihi. Mwalimu wetu, mama mmoja mtaratibu mwenye sauti ya chini, alitutajia kitabu cha riwaya tutakachokisoma muhula ule, akauliza nani kati yetu ameshakisoma. Darasa lilikuwa limejaa hadi wengine wamekaa madirishani. Ikainuka mikono minne au mitano, wangu ukiwemo. Akaninyooshea kidole.

"Wewe wa shati la kijani. Umekisoma mara ngapi?"

"Mara mbili, mwalimu."

Sikuwa nimekisoma hata mara moja. Sikuwa nimewahi hata kukishika.

Ndugu zangu, mama mwenyekiti wa jumuiya amenipa nafasi hii leo na ameniambia niseme bila kuogopa. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikiongea kwa kichwa nitaanza kupamba. Mnanijua. Mimi ndiye kijana wa chuo ninayepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, ninayekaa karibu na mlango kila Jumamosi ili niwahi kuondoka. Wengi mnafikiri mimi ni mpole. Si upole, ni woga. Naogopa kukosea mbele za watu kuliko ninavyoogopa kuugua, na leo nitawaambia woga huo ulinifikisha wapi. Sitataja jina la mtu. Wengine mtajitambua, mtanisamehe.

Nianze nyumbani. Nimezaliwa kisiwani Ukerewe, si mbali na Nansio. Baba analima mihogo na machungwa, na dagaa wakikubali huingia ziwani na wenzake. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa mabovu, sikuchaguliwa kuendelea. Wenzangu wakaenda kwenye mitumbwi. Mimi nikasema nitajisomea. Miaka mitatu nilisoma peke yangu, asubuhi shambani, mchana kwenye madaftari. Jirani yetu mmoja alizoea kunikuta napalilia huku midomo inacheza, akawa anamwambia baba, "Huyu ama ni msomi ama amerogwa."

Nilichokuwa nakariri ni desa. Kwa wazee wangu wasiolijua neno hili, desa ni muhtasari wa kitabu. Mtu fulani zamani alikisoma kitabu, akaandika wahusika, dhamira na mafunzo, ikatolewa kopi, kisha kopi ya kopi, mpaka ikafika kisiwani. Desa langu lilikuwa kurasa kumi na moja, nyeusi pembeni kama mkate ulioungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umepotea, na mtu nisiyemjua alikuwa ameumalizia kwa mwandiko wa mkono, mistari minne, nayo ikatolewa kopi pamoja na kurasa nyingine. Mistari ile ilisema mama wa mhusika mkuu anakufa kwa majonzi baada ya mwanawe kumkana. Niliiamini kama Injili. Nilimlilia yule mama. Kweli kabisa, nilimlilia katikati ya mihogo.

Mtihani wa kidato cha sita niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu. Maswali hayakugusa mwisho wa kitabu. Siku nilipopata nafasi ya chuo hapa Mwanza, baba alichinja jogoo, na tangu siku hiyo akaacha kuniita jina langu. Akawa ananiita Mwalimu. Kwenye simu, "Mwalimu, habari za huko?" Pale gatini Nansio, mbele ya abiria wote, "Mwalimu, ufike salama." Nilikuwa sijaingia hata kipindi kimoja.

Sasa mnaelewa kwa nini niliinua mkono. Mtu anayeitwa Mwalimu atasemaje hajasoma kitabu?

Yule mama mwalimu alifurahi. "Mara mbili! Basi wewe ndiye utakayetufungulia semina. Wiki mbili kuanzia leo, utatusomea insha yako kuhusu nafasi ya mama katika kitabu hiki."

Ningeweza kwenda maktaba siku ile ile. Nakala zilikuwepo nne. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo, kwamba sikuzuiwa na mtu wala na shida yoyote. Nilijiambia nakijua kitabu. Zile wiki mbili nikazitumia kuandika na kuchana. Nikikosea herufi moja, nachana ukurasa mzima naanza upya, maana sikutaka kazi yangu iwe na neno lililokatwa. Mara ya kumi na saba ikatoka safi kama nguo ya ubatizo. Niliipa kichwa "Kifo cha Mama, Kifo cha Maadili". Naona aibu kukitamka hapa.

Siku ya semina nilivaa shati lile lile la kijani, nimelipiga pasi. Nilisoma bila kukwama. Nilipomaliza darasa lilikuwa kimya, nikadhani ni kimya cha heshima. Kisha dada mmoja wa safu ya mbele, mwenye miwani, akanyoosha mkono.

"Samahani mwasilishaji. Mama anakufa ukurasa wa ngapi?"

"Mwishoni," nikasema.

"Mwishoni wapi? Mimi ukurasa wa mwisho nimemkuta anachambua maharage."

Nikasema labda tuna matoleo tofauti. Sauti ya kiume ikatoka dirishani: "Labda ni maharage ya matanga!"

Ndugu zangu, nawaambia, kicheko cha darasa lile bado nakisikia. Kuna mtu alipiga meza. Dada wa miwani hakucheka, aliinamisha kichwa kwenye kitabu chake kama aliyejuta kuuliza, na hilo liliniumiza kuliko kicheko. Mwalimu aliinua mkono mmoja, wakatulia. Akaniambia nimfuate ofisini baada ya kipindi.

Ofisini alinipa kiti. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Kitabu umekisoma?"

Tazameni neema aliyonipa. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu, nilichohitajika kutamka ni neno moja. Nikasema, "Nimekisoma mwalimu, ila nilikichanganya na kingine."

Akasema, "Sawa. Utaandika upya. Uniletee ukiwa tayari."

Ukiwa tayari. Mtu kama mimi usimwambie hivyo. Mimi siwi tayari.

Kuanzia kesho yake nikapewa jina. Nilikuwa Mzee wa Msiba. Nikipita kwenye ngazi mtu anasimama wima, anashika kifua, ananiambia, "Pole na msiba, mzee." Mwingine anajibu, "Jamaa kamzika mama wa watu akiwa hai!" Ulikuwa utani wa kawaida wa wanafunzi, sasa nalijua hilo. Mwenzangu mmoja wa jirani alinishauri, "Cheka nao, wiki moja utani utaisha." Sikuweza kucheka. Nilianza kupita njia ya nyuma, baadaye nikaanza kukosa vipindi.

Insha ya kurudia nilijaribu kuiandika. Nawaambia kweli, nilikaa na sentensi moja siku tisa. Naiandika, naona ina kasoro, nachana. Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa sandarusi umejaa sentensi hiyo hiyo. Zikaja insha mbili nyingine za kozi ile, ya ushairi na ya tamthiliya, sikupeleka hata moja. Mnaweza kuuliza, kwa nini hukwenda tu kukisoma kitabu? Nilijiuliza pia. Jibu ni kwamba kukisoma kulikuwa ni kukiri. Nikienda pale kwenye dirisha la maktaba nikakiomba, nitakuwa nimekubali kwamba sikukisoma. Tena yule dada wa miwani alikuwa akikaa maktaba kila siku. Nilifika mlangoni mara tatu, nikamwona, nikageuka.

Niliacha kula vizuri. Niliacha kuja hapa jumuiyani, mkadhani nina mitihani. Baba akipiga simu, "Mwalimu, masomo yanakwendaje?" najibu yanakwenda. Siku moja nikaona jina lake kwenye kioo cha simu nikaiacha iite mpaka ikakoma. Ikaita tena. Nikaigeuza kifudifudi mezani kama kitu kinachonitazama. Sina maneno ya kueleza siku zile. Sikuwa na huzuni ya kulia. Nilikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama.

Mwisho wa muhula orodha ikabandikwa. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya wenye hatari ya kuondolewa chuo. Kwenye kozi ya fasihi iliandikwa kwamba nisipowasilisha insha ya riwaya kufikia Jumatatu, sitaruhusiwa hata kuirudia kozi. Nitakuwa nimetoka. Niliisoma mara moja nikaondoka. Nilihisi nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonitisha. Nikaamua nitarudi nyumbani kwa meli ya kesho yake. Nitamwambia baba chuo kimefungwa. Baadaye nitatafuta uongo mwingine, maana nilikuwa nimeshajua kwamba uongo hauishi, unazaa.

Basi Alhamisi mchana nafungasha begi, nikasikia hodi. Alikuwa mama mwenyekiti. Wengine mlikuwa nyuma yake, mmebeba viti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unasafiri?"

"Ndiyo mama, nakwenda Nansio kesho."

"Utakwenda siku nyingine. Tumefiwa." Akanitajia nyumba, ya tatu kutoka kwangu. "Wasifu wa marehemu uandike wewe. Wewe ndiye msomi wetu. Mazishi ni kesho saa nane. Uanze na binti yake, yupo chini ya turubai."

Msomi wetu. Nusura nimcheke usoni.

Lakini msiba haukataliwi, hilo kila mtu hapa analijua. Na marehemu nilimfahamu kwa shikamoo. Nilikuwa nikipita kwake natoa salamu, ananiitikia bila kuinua uso kwenye alichokuwa akifanya. Basi. Sikwenda kwa binti yake kama nilivyoambiwa. Nilifunga mlango, nikaandika. Ajabu ni kwamba sikukwama hata kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kalamu ilikimbia. Mnajua wasifu zetu zinavyokwenda. Marehemu alizaliwa, alilelewa katika maadili ya Kikristo, alikuwa mcheshi, mpenda watu, hakuwa na makuu, ameacha pengo lisilozibika. Ukurasa mzima bila mkato. Niliutazama nikajisikia mtu.

Nikaupeleka chini ya turubai. Binti wa marehemu, dada mmoja mkavu wa maneno, alikuwa amekaa kwenye mkeka na kina mama wa mtaa. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Pole sana dada. Nimeandika wasifu."

"Umeshaandika? Haya, soma tusikie."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "alikuwa mcheshi" akainua kiganja.

"Subiri. Nani mcheshi?"

"Mama, dada."

"Mama yangu?" Akawageukia kina mama. "Jamani, mama alikuwa mcheshi?"

Mmoja wenu alicheka hadi akajifunika khanga. "Mcheshi yule? Yule ukimsalimia anakuuliza kwanza kama umefagia kwako!"

"Alinifukuza kanisani nimevaa viatu vya tope," akasema mwingine. "Sakafu ameshaipiga deki. Misa inaanza, mimi nipo nje peku kama mdhambi!"

Wakacheka na kulia kwa pamoja. Binti hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mdogo wangu, hicho ulichoandika ni kizuri. Lakini huyo ni marehemu yeyote. Ukikibeba ukakisome msiba wowote kule mtaa wa Igoma, kitafaa. Wewe mama yangu ulimjua?"

Ndugu zangu, neno "nilimjua" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililihisi kwenye ulimi, limekaa tayari, tamu, kama lile la "mara mbili". Na pale pale nikaona ni kosa lile lile. Nimeandika habari za mtu bila kumsoma. Tena safari hii mama mwenyewe amekufa kweli, mwili uko ndani, na mwanawe yupo mbele yangu na macho mekundu.

Nikasema, "Hapana dada. Sikumjua. Sijawahi hata kuingia kwake."

Nilingoja aniaibishe. Alisogea kwenye mkeka, akapiga kiganja pale palipobaki wazi.

"Sasa nani amekwambia usimame? Kaa. Tutakwambia."

Nikakaa mchana ule wote. Niligeuza ile karatasi safi nikaandika nyuma yake, kwa sababu sikubeba nyingine. Wakaniambia alivuka kutoka upande wa Kamanga akiwa mke mpya, na kwamba feri ilipofika mjini alikataa kushuka mpaka mumewe amwonyeshe nyumba ilipo, kana kwamba ingeonekana kutoka majini. Wakaniambia alikata minofu ya samaki kiwandani hapa Nyakato miaka mingi, amevaa mabuti ya mpira, mpaka vidole vikawa havisikii moto, akawa anageuza chapati kwa mkono. Hakujua kusoma. Lakini ripoti za shule za wanawe wote alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, na mtoto yeyote wa jirani aliyepita aliitwa amsomee, zile zile, kila mwezi. Akikosea, anamrudisha, maana alikuwa amezikariri.

Hapo niliacha kuandika kidogo.

Halafu mama mmoja aliyekuwa kimya pembeni akasema yeye na marehemu hawakusemezana miaka minne, kwa ajili ya sufuria. Akasema, "Mwaka jana nimelazwa ndani na homa, asubuhi namwona anaingia. Anaweka kikombe cha uji. Hasalimii. Anaondoka. Siku kumi na moja. Nilipopona tukaendelea kutosemezana."

Binti akaniambia, "Andika hilo."

"Hilo la ugomvi, dada?"

"Andika hilo kabla ya mengine yote."

Kesho yake karatasi ilikuwa haisomeki vizuri. Mikato, mishale, maneno pembeni. Nilitaka kuinakili upya, angalau mara moja, lakini jeneza lilikuwa limeshatolewa na mama mwenyekiti ananiita. Nikamwomba binti dakika tano. Akasema, "Soma hivyo hivyo." Nikasoma hivyo hivyo. Nilikwama mara mbili nikitafuta mshale unakwenda wapi. Na nilipofika kwenye ule ugomvi nikasema ulikuwa wa beseni, sijui beseni lilitoka wapi. Yule mama akapaza sauti mbele ya umati wote: "Si beseni, ni sufuria!"

Mlikuwepo. Mlicheka. Mimi nikasimama kama nilivyosimama kwenye semina. Kisha nikasema, "Sufuria. Nisameheni, ni sufuria." Nikaendelea. Ni hivyo tu. Hakuna aliyenipa jina la utani. Binti alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na nilipomaliza alisema kitu kimoja: "Huyo ndiye."

Nisiwadanganye kwamba nilitoka makaburini nikiwa mtu mpya. Usiku ule ule nilikuwa na mawazo yale yale. Lakini meli ilikuwa imeondoka bila mimi, na Jumamosi asubuhi nilikwenda maktaba. Dada wa miwani alikuwepo. Nikapita mbele yake hadi dirishani nikakiomba kitabu kwa jina lake, kwa sauti. Kitabu kile hakitoki nje ya maktaba. Unakisoma saa mbili, unarudisha, ukitaka unajiandikisha tena. Nilijiandikisha mara nne. Mara ya tatu yule dada aliniambia bila kuinua kichwa, "Ukurasa wa sabini na kitu kuna kipande kimechanika. Nina kopi yake." Akanisogezea.

Jioni nikafika ukurasa wa mwisho. Mama amekaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Mwanawe aliyemkana anakuja njiani, bado yuko mbali. Mama anamwona, anaendelea kuchambua. Kitabu kinaisha.

Alikuwa hai. Muda wote ule niliomlilia shambani, alikuwa hai, na mimi nilikuwa na uwezo wa kwenda kumwona. Nililia pale maktaba. Mlinzi alikuja kunitazama akaondoka.

Nikaandika Jumapili yote. Niliandika kuhusu mikono ya yule mama, kwa sababu niligundua kwamba kila anapoumia, mwandishi haonyeshi uso wake, anaonyesha mikono inafanya kazi. Sikulisoma hilo kwenye desa lolote. Nililiona mwenyewe, na nadhani nililiona kwa sababu ya kikombe cha uji. Sentensi ya kwanza ya insha niliiandika hivi: "Nilipoandika insha ya kwanza sikuwa nimekisoma kitabu hiki." Insha ilikuwa na mikato saba. Sikuinakili.

Jumatatu mwalimu aliisoma sentensi ile mbele yangu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, mwalimu?"

"Huyu mama huletwa kwangu amekufa kila mwaka. Hiyo karatasi yenu imezunguka kanda yote." Akavua miwani, akaifuta. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje kumfufua."

Sasa sikilizeni mwisho wake, maana nisipowaambia hili nitakuwa nimepamba. Insha ile ilipita kwa alama za kawaida tu. Mwalimu aliandika pembeni kwamba hoja ni nzuri lakini nusu ya pili imekimbia. Zile insha mbili ambazo sikupeleka zilibaki sifuri, na hapakuwa na huruma ya kuzifuta. Nairudia kozi nzima na waliokuja nyuma yangu. Wenzangu wako mbele mwaka mzima, na wapo ambao bado wananipa pole ya msiba. Nikifeli tena, naondoka. Kuna siku nyingi naamini nitafeli.

Baba nilimpigia nikamweleza yote, tangu kuinua mkono.

"Kwa hiyo bado hujawa mwalimu," akasema.

"Bado, baba."

"Haya."

Tangu siku hiyo ananiita jina langu. Sijui kama amekata tamaa au amenipunguzia mzigo. Sijamuuliza. Naogopa jibu, na nakiri kwenu kwamba usingizi wangu ni bora kidogo kuliko wakati ule.

Nawashukuru. Mama mwenyekiti, ulinibishia hodi nikiwa na begi mkononi na hukuniuliza sababu. Dada uliyefiwa, siku ya uchungu wako ulinipa nafasi kwenye mkeka. Mama wa sufuria, umenisahihisha hadharani na hukujua umenitibu. Kina mama wote wa mchana ule, asanteni. Yule dada wa miwani hayupo hapa, lakini nimeshamshukuru, akaniambia, "Mimi niliuliza ukurasa tu."

Fundisho langu ni dogo. Kama kuna kijana hapa, au mzazi wa kijana, mwambieni kwamba kusema "sijasoma" kunachukua pumzi moja, na kusema "nimesoma" kulinichukua mwaka mzima. Wazazi, mtuite majina yetu kwanza. Vyeo tutavifikia, au hatutavifikia.

Kilichobadilika ni hiki. Mwalimu akiuliza nani amesoma, na mimi sijasoma, mkono wangu unabaki chini. Kitabu nakisoma chote kabla ya kuandika. Insha zangu zina mikato na nazipeleka siku yake. Hata karatasi hii niliyoisoma nimeiandika mara moja, ina mikato kumi na mbili, na nitamwachia mama mwenyekiti aitunze ilivyo.